Nilimng'oa mdogo wangu meno kwa uzi, nikamkataza kumwambia mama

Wakuu wa bweni, salamu zenu. Daftari letu la kupokezana visa limenifikia, na leo sichekeshi mtu.

Najua hamtaamini. Mimi ndiye niliyemvalisha mbuzi wa mpishi tai ya shule. Lakini haya ni kweli tupu, na anayetaka kuandika "uongo" pembeni aje kwanza kitandani kwangu anitazame usoni.

Nianze na ujinga wangu.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Mafubira, kule Jinja. Mdogo wangu Kuloba, miaka sita, alikuwa na jino linacheza. Nikalifunga uzi, ncha ya pili nikaifunga kwenye kitasa, nikabamiza mlango.

Likatoka. Tukalirusha juu ya mabati ya jiko kama kila mtoto anavyofanya, tukamwambia panya achukue bovu alete jipya.

Siku mbili baadaye, jino la pili linacheza. Kisha la tatu. Upande uleule, na yote yakaenda juu ya mabati.

Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikafungua sinema. Watoto wa jirani wakaja kutazama, kiingilio pingili moja ya muwa. Kuloba alijivuna kama afande mwenye gari jipya.

Shavu lilipoanza kutuna kidogo, nikamwambia: "Usimwambie mama. Panya hawafanyi kazi na watu wazima. Akikuuliza habari ya shavu, sema jino linaota."

Nikarudi shule huku Mbale, nikasahau.

Wiki tano baadaye naitwa getini. Mama yuko pale, kambeba Kuloba mgongoni kama mtoto mchanga. Daktari wa mataya wa Jinja alikuwa ameshavuka mpaka na familia yake, kama wengi waliokimbia mwaka huu, mama akaambiwa ajaribu Mbale.

Shavu lilikuwa kubwa kama ngumi ya mtu mzima. Jicho la upande ule limesukumwa juu.

Mdomo wangu haujui adabu, ukasema: "Bwana mkubwa, umeficha mandazi?"

Akacheka kwa nusu ya uso. "Ni jino linaota."

Wakuu, mama alimuuliza kila siku kwa wiki tano, na kila siku alijibiwa hivyo hivyo. Mtoto alikuwa mwaminifu kuliko mimi.

Hospitali wakasema ni saratani ya taya, ile inayopenda watoto. Daktari akauliza meno yalianza kulegea lini. Mama akatazama sakafu. Mimi nikatazama dirisha.

Dawa ipo, daktari akasema, ila yeye hana. Baba ni dereva wa lori barabara ya Kenya, kwa hiyo akatumwa kuitafuta huko.

Tukingoja, nilimfuata mwalimu wa bayolojia, yule ninayemwigiza mwendo. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: nyama inakuaje kwa kasi hiyo, nani anaiamuru?

Hakunifukuza. Akachora duara ubaoni.

"Seli haikui kwa kupenda," akasema. "Mwilini kuna wajumbe wanaoleta neno la kukua. Mjumbe haingii ndani. Anafika kwenye utando wa nje, pale pana kipokezi, kama askari wa zamu getini. Wakishikana, habari inaanza kupita ndani, huyu anampa yule, yule anampa mwingine, mpaka kwenye kiini. Kiini kinaamuru: gawanyika. Mjumbe akiondoka, ndani kunanyamaza."

"Na za Kuloba, mwalimu?"

"Za Kuloba hazinyamazi. Ni kama zinatii amri ambayo hakuna aliyeileta. Kosa liko getini au liko ndani, hata walio Ulaya bado wanatafuta."

Nikasema nawajua watu wanaotii amri ya namna hiyo, wako darajani Jinja na bunduki.

Mwalimu akafuta ubao haraka, hata duara halikubaki. Akaniambia niende nikale. (Ukurasa huu msiuache mezani.)

Baba akaleta chupa moja. Kuloba akachomwa sindano, na wakuu, sijaona kitu kama kile. Kwa wiki moja uvimbe uliyeyuka kama sukari kwenye chai, kwa wale mnaoikumbuka sukari. Jicho likarudi mahali pake. Akaomba mandazi kweli, nikazunguka mitaa yote ya Nabuyonga mpaka nikapata moja.

Alikula nusu, nusu akanipa.

Chupa ya pili ilikuwa njiani, serikali ikafunga mpaka wa Kenya. Baba akakwama Malaba upande wa Kenya, dawa iko kwenye lori, Uganda anaiona kwa macho.

Siku ya nne tangu mpaka ufungwe, shavu likaanza kujaa tena. Zile seli zilikuwa hazijasahau amri yao.

Kuloba alifariki Jumanne asubuhi, kabla ya chai. Tukamzika Nakaloke kwa bibi. Baba alifika siku mbili baada ya mazishi, chupa imefungwa kwenye shati lake.

Sasa funzo, maana ndiyo sheria ya daftari. Meno ya mtoto yakilegea matatu upande mmoja, peleka hospitali. Na usimfundishe mtoto jibu la kumpa mama yake. Atalitunza.

Andikeni chini ya mstari, hata matusi nitasoma. Kama kuna aliyewahi kufanya kama mimi, aandike, jina si lazima.

Niliungama siku ya tatu baada ya mazishi. Mama alikuwa anachambua maharage kwa bibi. Nikamwambia yote: uzi, kitasa, miwa, panya, na lile jibu. Nikainamisha kichwa ningoje kofi.

Aliendelea kuchambua mpaka maharage yakaisha kwenye ungo. Kisha akasema, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Niliyaona meno yote matatu siku niliyopanda juu ya mabati ya jiko kuanika mihogo. Nikayahesabu, nikafurahi kwamba mwanangu anakua."