Pori Nililolitia Chumvi

Wiki iliyopita, karibu na soko la Tabora mjini, kijana mmoja alinipita akiendesha baiskeli iliyofungwa mizinga mitatu ya nyuki, ya gome. Gome lilikuwa bichi, limetoka kuchunwa, na harufu yake ikabaki nyuma yake barabarani: chachu kidogo, na utamu kwa mbali, kama uji uliolala. Nilisimama katikati ya njia mpaka dereva wa bajaji akaniuliza kama nimekusudia kufia pale. Nilikuwa nimeshafika kwa Shangazi Kabula, nina miaka kumi na miwili, na nimekasirika.

Naomba nianzie kwenye hasira hiyo, maana sijaimaliza hadi leo. Jina langu Milembe, yaani amani, na waliotoa jina hilo wamenicheka miaka yote.

Shangazi Kabula alikuwa dada yake baba. Mumewe alipofariki alimwachia mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye pori lililo nyuma ya shule yetu, katika kijiji kimoja cha huko Uyui, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka stesheni ya Kigwa. Wanaume wa ukoo walikuja kuichukua, kwa maelezo kwamba mwanamke hapandi mti. Shangazi aliwakaribisha, akawapikia ugali na mlenda, wakala wakashiba. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa suruali ya marehemu, akapanda mti wa mtundu, mrefu kuliko yote, mbele yao. Walirudi kwao wakiwa na shibe tu. Kwa asali ya mizinga ile ndipo nilipovaa sare za shule, maana baba alikuwa hoi kwa maradhi ya mgongo.

Pale shuleni tulikuwa na mwalimu wa Jiografia, Mwalimu Shekiondo, mtu wa milima ya Usambara, na hakuacha wiki ipite bila kutukumbusha. Alikuwa mwalimu mzuri, sitamsingizia. Akisimulia misitu ya kwao uliuona ukungu ukiingia darasani. Alisema kwao ukipiga hatua kumi umeshapita miti ya aina kumi, mmoja umembeba mwenzake mgongoni, na maji yanadondoka hata siku isiyo na mvua. Halafu anageukia dirishani. Nje ni Agosti, miti yetu imepukutisha majani yote, vumbi jekundu limepanda hadi kwenye matawi, na moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku umetanda. Anatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Hapa kwenu mtu anatembea kutwa nzima anapishana na mti uleule," anasema. "Huu si msitu, wanangu. Hili ni pori tu."

Wenzangu walicheka. Mimi nilifura.

Maneno hayo yangeishia darasani kama kamati ya shule isingepata wazo la kulifyeka pori lile na kupanda mikaratusi, ili baadaye iuzwe nguzo. Wazo lilipendwa. Kikao cha kijiji kikapangwa Jumamosi, na Mwalimu Shekiondo akaombwa aeleze kitaalamu kuna nini mle. Akaamua darasa la sita tukahesabu. Alitupimia mraba wa hatua hamsini kila upande mahali tambarare, tuchume au tuokote jani la kila aina ya mti na kulibandika daftarini. Tulipata aina kumi na moja. Nikajua kwamba kwa kumi na moja mizinga ya Shangazi imekwisha.

Nilikimbia kwake bila hata kuvua viatu vya shule. Alinisikiliza huku anasokota kamba ya gome, kisha akachukua panga na kunirudisha porini. Miti isiyo na majani nilikuwa naiona yote sawa, kama wageni wa msibani. Yeye aliigonga na kuikwangua mmoja mmoja. Mninga ukautia jeraha unatoa utomvu mwekundu wa damu. Mtundu una gome la kijivu lenye magamba, na chipukizi zake hutoka nyekundu kabla ya mvua, ndipo nyuki wanapopata kazi. Mbula nilionyeshwa kokwa zake kavu chini, mtonga kwa matunda yake magumu kama mawe. Kisha akanipandisha juu ya kichuguu, kile kikubwa ambacho Mwalimu alikikwepa ili mraba wake unyooke.

Pale juu palikuwa na nchi nyingine. Mkwaju ulikuwa umesimama na majani yake, kijani kabisa katikati ya Agosti, na pembeni yake vichaka nisivyopata kuvijua. Mchwa ndio walioupandisha ule udongo, alisema Shangazi, na udongo wao una tabia yake. Tulipoteremka hadi mbugani, kwenye tope jeusi lililopasuka, hapakuwa na mtundu hata mmoja. Palikuwa na migunga mitupu, na miiba ilinichana sketi. Tulirudi jua linazama tukiwa na aina kumi na tisa.

Kumi na tisa hazikunitosha. Nilitaka za kumnyamazisha mtu wa Usambara. Kwa hiyo Ijumaa, kwa uji mzito wa unga, nilibandika jani la mpera wa nyumbani kwetu, jani la mlimau wa jirani na, kwa kuwa nilikuwa nimeshapotea, jani la mwarobaini uliokuwa mbele ya nyumba ya Mwalimu Shekiondo mwenyewe. Niliupa kila mmoja jina la Kinyamwezi nililolitunga. Nililala nikiwa na amani isiyo kifani.

Jumamosi watu walijaa darasani, watu wazima wamekalia madawati yetu magoti yakigusa kidevu. Mwalimu alipokea daftari langu, akafungua ukurasa baada ya ukurasa, uso wake ukianza kulainika. Kisha akafika kwenye mpera. Akalinusa lile jani. Akafungua ukurasa uliofuata, na uliofuata.

"Mwenyekiti," alisema taratibu, "huu wa mwisho ni mwarobaini wa kwangu. Nimeupanda mwenyewe."

Darasa zima lilicheka. Mwenyekiti wa kijiji alicheka mpaka akavua kofia. Mtu mmoja akapendekeza mchicha nao uandikwe. Nilitamani sakafu inimeze, hasa nilipomwona Shangazi hacheki. Alinitazama kwa namna ambayo nilidhani ni aibu, akasimama.

"Mwalimu, yatoe hayo matatu," alisema. "Yamebaki mangapi?"

"Kumi na tisa, mama."

"Haya. Kwenu mvua inakosekana miezi mingapi?"

Mwalimu alifikiri. "Kwa kweli haikosekani sana."

"Hapa inakosekana miezi sita. Na katikati moto unapita. Hiyo kumi na tisa ndiyo iliyokubali kukaa. Leta ya kwenu ikae hapa hadi Oktoba, tuone." Akawageukia wazee. "Na ninyi mnacheka nini? Babu zetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka hapa hadi pwani. Huko njiani waliiona misitu yote ya kijani, wakaipita kwenda na kurudi. Mbona hawakuhamia? Walirudi kujenga humu."

Mwenyekiti alivaa kofia yake akasema pori litafyekwa, na Kabula aondoe mizinga, Jumatatu vijana wanaanza kazi.

Jumapili asubuhi Shangazi aliniamsha. Nilidhani tunakwenda kushusha mizinga. Kumbe tulikwenda kuongeza. Mizinga yote mitupu iliyolala ghalani kwake tuliisomba kwa baiskeli, akaitundika kuzunguka karibu pori lote na katikati yake, kila baada ya miti michache, mimi nikimvutia kamba kutoka chini. Ile yenye nyuki aliiacha ilipo. Ukisimama chini huwezi kujua upi una wenyewe na upi una buibui.

Jumatatu vijana walikuja na mapanga na mashoka. Walitazama juu, wakatazamana.

"Shikamoo Shangazi. Hii ina nyuki?"

"Marahaba. Panda uangalie."

Hakupanda mtu. Mtu aliyewahi kukimbizwa na nyuki wa Tabora hahitaji kukumbushwa. Walifyeka ukanda wa kando ya barabara, ambako hatukuwa na mizinga ya kutosha, wakaenda zao. Kamati ilipanda mikaratusi kwenye ukanda ule na, sitaki kusema uongo mara mbili katika habari moja, ilistawi. Pori lililobaki halikuguswa tena.

Jioni ile nilimwambia Shangazi kwamba hata yeye amedanganya, sasa ya nini kuninunia kwa majani matatu. Alikuwa ananawa miguu. Hakuinua kichwa.

"Mimi nimemdanganya mwenye shoka," alisema. "Wewe umelisemea uongo pori langu, kana kwamba halijitoshi."

Nililia kwa kuona nimeonewa. Sikuelewa kitu.

Nilikuja kufika Usambara nikiwa mtu mzima. Nilipanda treni Tabora, nikakaa dirishani siku nzima, nikaona miti ya kwetu ikipungua kimo, ikageuka vichaka vilivyosongamana, ikawa miiba ya Dodoma, kisha baada ya Morogoro kijani kikaanza kumwagika. Na milimani kwenyewe Mwalimu alikuwa amesema kweli tupu. Mvua inayokuja kila mara, bahari isiyo mbali, milima mikongwe iliyokinga ukungu tangu zamani: aina za miti nilizopishana nazo kabla ya chai ya saa nne zilizidi daftari langu lote, pamoja na mpera. Nilisimama pale nimelowa hadi mifupani, nikisubiri kuona aibu kwa ajili ya pori letu. Haikuja.

Badala yake ilikuja aibu nyingine. Mwalimu alisema pori lenye aina chache ni bure, na katika kijiji kizima mtu aliyemwamini kuliko wote nilikuwa mimi. Waliocheka hawakumwamini hivyo. Mimi ndiye niliyekwenda kuiba mwarobaini ili tufanane na kwao. Shangazi alikuwa ameliona hilo papo hapo, mbele ya watu, na ndiyo maana hakucheka.

Sasa kazi yangu inanipeleka kwenye vikao vingi vya misitu, na hakosekani mtu wa kuniuliza, kalamu mkononi, huko kwetu kuna aina ngapi hasa za kutufanya tusifyeke. Idadi ninayo. Huwa namwambia kwanza aniambie yeye ana sababu gani ya kufyeka, nami natoa kalamu yangu niiandike.