Mbwa Wangu na Harusi ya Wengine

Nichekeni mpendavyo, lakini mbwa wangu Komando simlaumu. Wakati wa vita yeye ndiye aliyetutoa msituni hadi nyumbani Kailo, baada ya sisi wanaume kupotea siku tatu. Basi vita ilipoisha, nikaenda naye Kindu kwenye harusi ya mpwa wangu Amina, na nikakataa kuuliza njia.

"Baba, unatafuta avenue gani?" fundi mmoja wa baiskeli aliniuliza.

"Imbwa yangu inajua," nilimjibu.

Komando akakatiza soko, akavuka reli, akaingia kwenye uwanja uliojaa watu na harufu ya nyama ya mbuzi. Kweli, harusi! Nikajitambulisha kuwa mjomba, na kila upande ukadhani natoka upande wa pili. Wakanipa kiti cha mbele na sahani iliyojaa. Nilipokwisha kula nikasimama, nikawabariki maharusi kwa maneno marefu, akina mama wakapiga vigelegele.

Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Mujomba, bibi-arusi wetu anaitwa nani?"

"Amina!"

Bibi-arusi akainua shela. "Miye njo Riziki."

Sikukaa chini.

"Basi, na Riziki pia nimemubariki," nikasema.