Daraja Alilotusimulia Idi

Siku ninayoikumbuka zaidi, mwanangu, si siku ya msiba. Ni siku ya kawaida kabisa, alasiri, jua la Singida limepoa kidogo, upepo unarusha vumbi uani kwetu Utemini, na bibi amekaa kwenye kigoda anapepeta uwele. Mdogo wangu Idi amechuchumaa mbele yake, mikono yote miwili iko hewani, anamweleza jinsi mtu mmoja mwenye shati jekundu alivyoruka ukuta akatumbukia shimoni.

"Enhe," akasema bibi bila kusimamisha ungo. "Akafa?"

"Akafa, bibi. Lakini alikuwa amebakiza roho mbili."

"Ana bahati huyo. Enhe, ikawaje?"

Nimeikumbuka siku ile juzi, ulipokuwa umejilaza kwenye kochi unamsimulia mwenzako kwa simu gemu unayoicheza siku hizi. Uliponiona nimesimama mlangoni ukashusha sauti, ukadhani nitafoka. Sikuwa na hasira, mwanangu. Nilikuwa nasikiliza, na moyo ulikuwa unaniuma kwa sababu ambayo sijawahi kukwambia. Sasa kaa nikwambie.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Nyinyi mmezaliwa mnakuta maduka yamejaa, kwa hiyo hamjui tulivyoshangaa sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni. Ghafla kila mwenye uwezo akaruhusiwa kuleta chochote na kukiuza: redio, baiskeli, tivii, viatu vya plastiki vya rangi zote. Na mitumba. Mitumba ndiyo iliyotuumiza, maana baba yetu, Mzee Abdallah, alikuwa na duka la vitambaa mjini, na fundi wake wa kushona alikaa kibarazani siku nzima anapunga nzi. Nani akashonewe suruali, wakati marobota ya suruali zilizokwisha shonwa yanafunguliwa sokoni kila wiki? Baba hakuwa mtu mbaya. Lakini mtu anayeona kazi aliyorithi kwa baba yake inamfia mikononi, ulimi wake huwa mkali hata kwa asiyehusika.

Na ruksa hiyohiyo ndiyo iliyotuletea gemu. Kijana mmoja aitwaye Chande alitoka Dar es Salaam na tivii ndogo na kidude cha gemu chenye nyaya, akakodi kibanda cha mabati mtaa wa nyuma yetu, akaweka benchi mbili. Vijana wa Utemini wakapata wazimu. Idi, ambaye alikuwa amemaliza darasa la saba na anamsaidia baba dukani, alikuwa akifika pale kila anaporuhusiwa kutoka. Mimi sikuwahi kuingia. Binti wa nyumba ya heshima akionekana kwenye banda la gemu, shangazi zake wote wangeitishwa kikao. Kwa hiyo gemu zote nilizozijua nilizijua kwa mdomo wa Idi, na nakuapia nilizijua vizuri kuliko waliokaa kwenye benchi.

Maana alikuwa anajua kusimulia! Alikuwa hasemi tu kwamba ameshinda au ameshindwa. Alikuwa anakwambia alivyojisikia. Kwamba kuna ukuta mmoja wa kijani unampa huzuni na hajui kwa nini. Kwamba yule mtu wa shati jekundu anamwonea huruma, kwa sababu anakwenda tu mbele, hawezi kurudi alikotoka.

Na bibi alikuwa anajua kuitikia. Bibi huyu alikuwa mama mzazi wa baba, Mnyaturu wa Mungaa, aliolewa na mfanyabiashara wa pwani aliyehamia huku, lakini hakuacha shamba lake hata siku moja. Alikuwa akikaa kwetu kiangazi na kurudi Mungaa wakati wa kazi za shamba. Tivii kwake ilikuwa sanduku la kelele. Lakini kwao aliyekuwa akisimuliwa jambo akakaa kimya alihesabiwa kama mtu aliyepigiwa hodi akajifanya hayupo. Kwa hiyo aliitikia kila kituo, na akauliza maswali ambayo hakuna mtoto wa banda la Chande aliyewahi kuyawaza.

"Huyo mtu wako tangu atoke kwao amekula?"

"Kwenye gemu hawali, bibi."

"Basi ndiyo maana anaangukaanguka."

Idi alicheka mpaka akakaa chini kwenye makapi. Lakini kesho yake alirudi mbio, jasho linamtoka. "Bibi! Anakula! Kuna mkate umefichwa nyuma ya ukuta, ukiupiga unatoka!" Bibi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa mjukuu wake amepona homa, akasema sasa atalala vizuri. Nilikuwa napika, nikacheka peke yangu jikoni. Ile ndiyo ilikuwa furaha ya nyumba yetu, mwanangu, na sikujua kwamba ilikuwa ya muda mfupi kiasi kile.

Kisha Idi akafika kwenye daraja. Lilikuwa daraja la mbao juu ya maji meusi, na ukikanyaga ubao unazama. Kila siku alikuja na habari za daraja. Leo amefika ubao wa kati. Leo amerudishwa mwanzo kabisa. Alikuwa analiota. Bibi naye alishikilia kwamba huyo mtu azunguke mto, atafute kivuko kingine, na Idi anamweleza kwamba mto wenyewe hauna mwisho.

Siku ya ile alasiri niliyoanza nayo, baba aliingia mapema. Dukani hakukuwa na kitu cha kumweka. Tukamwamkia. Idi, kwa kuwa alikuwa katikati ya habari yake na damu inamchemka, akamgeukia baba akaendelea, "Baba, leo nilibakiza mbao chache tu, nikaona kabisa ng'ambo ya pili, lakini..."

"Nyamaza," akasema baba.

"Nilikuwa tu namwambia bibi..."

"Nimesema nyamaza. Watu wanahangaika wewe unaniletea habari za mtu wa kwenye tivii? Nisizisikie tena ndani ya nyumba hii. Si leo, si kesho."

Bibi aliweka ungo chini. Hakupandisha sauti, hakuwa na tabia hiyo. "Abdallah, mwanao amekupigia hodi."

"Hodi gani, mama? Huyu anapayuka."

"Anayekuletea jambo analolipenda, huyo amesimama mlangoni kwako anabisha. Wewe umemjibu humu hamna mtu. Akizoea kwamba humu hamna mtu, atakwenda kubisha kwa wengine."

Baba asingeweza kubishana na mama yake mbele yetu. Akavua koti akaingia ndani. Lakini amri yake hakuitengua, na Idi alikuwa mtoto mtiifu. Gemu hakuacha. Aliacha kusimulia.

Hutaamini jinsi nyumba inavyoweza kunyamaza. Tulikula, tukasali, tukaulizana chumvi iko wapi. Bibi alijaribu kumchokoza, akimuuliza kwa kunong'ona kama yule mtu ameshavuka, na Idi anatabasamu tu na kumtazama baba. Mvua zilipokaribia bibi akarudi Mungaa kulima, na huko akaugua kifua. Tulipopata habari tulikuta ameshazikwa. Idi hakulia msibani. Alikaa karibu na kile kigoda cha bibi, akawa anaokota punje za uwele zilizobaki kwenye ufa wa sakafu, moja moja, na mimi nilimwona nikajua kwamba sasa hana wa kumwitikia. Mimi ningeweza kuwa wa pili, lakini nilikuwa nimeshaposwa, nina pilika za harusi, na baba alikuwa ni baba.

Kiangazi kilichofuata Idi akaondoka. Alipanda lori la vitunguu akawa utingo, wa kufunga turubai na kuweka gogo nyuma ya tairi wakisimama mlimani. Alituma salamu kutoka Manyoni, kisha kutoka Nzega. Baba akasema njaa itamrudisha. Alisema kwa sauti, lakini nilimwona anatazama kila lori linalopita mbele ya duka.

Lori lilimrudisha. Lilipinduka kwenye mteremko wa Sekenke, na Idi aliletwa nyumbani amefunikwa. Sitakusimulia siku hiyo, mwanangu. Miaka yote hii imepita na bado siwezi.

Nitakusimulia siku ya tatu ya matanga. Dereva wa lile lori, mkono wake umefungwa kwa kitambaa, alikuja kutoa pole. Alikaa mkekani karibu na baba, na kwa kuwa hakujua la kusema, akaanza kumsifia marehemu.

"Mzee, kijana wako alikuwa haturuhusu kusinzia. Njia nzima anatusimulia gemu. Kuna daraja moja, mzee, mpaka mimi mwenyewe nililijua. Nilikuwa namwambia, wewe huko kwenu lazima mzee wako anacheka sana."

Baba alikuwa anapitisha tasbihi vidoleni. Tasbihi ikasimama. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe, nikaogopa kupiga hatua.

"Alikwambia amelivuka?" akauliza.

"Hapana, mzee. Alisema bado. Alisema tukirudi Singida atajaribu tena."

Baba akaitikia, "Enhe." Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akiitikia jambo lolote la gemu, na aliyestahili kuisikia alikuwa kaburini tangu juzi yake. Nilimchukia baba wakati ule. Nakwambia ukweli, nilimchukia, kisha nikamtazama mabega yake na chuki ikanishinda kuibeba.

Arobaini ilipopita, baba akaanza kupotea alasiri. Duka anamwachia fundi, anavaa kofia na koti, anatoka. Wiki nzima mama yetu hakujua anakokwenda. Chande ndiye aliyenipasulia. Alisema siku ya kwanza Mzee Abdallah alipoinama kuingia kwenye banda, watoto walitawanyika kama vifaranga, na yeye mwenyewe alishika waya wa tivii tayari kukimbia nao. Lakini mzee alijibu shikamoo zao zote, akakaa mwisho wa benchi, akauliza nani kati yao anafika kwenye daraja. Wakamwonyesha mmoja. Akamwambia, "Haya, cheza. Na unieleze unavyokwenda, macho yangu hayafuati haraka."

Akawa anakwenda kila siku baada ya swala ya alasiri. Chande alisema watoto walianza kumsubiri, wakigombania nani amsimulie kwanza, kwa sababu mzee yule alikuwa anaitikia. Enhe. Ikawaje? Na huo ukuta wa kijani, na wewe unakupa huzuni? Wakamcheka kidogo, lakini kwa mapenzi. Nadhani wengi wao kwao hapakuwa na wa kuwauliza.

Jioni moja kabla ya magharibi nilikuwa uani kwa mama nawasha jiko, maana tangu msiba nilikuwa bado sijarudi kwangu, nikasikia viatu vyake vinavuliwa mlangoni. Akaja mpaka nilipo. Uso wake ulikuwa umelowa na hakujificha.

"Zuhura, linavukika."

"Nini, baba?"

"Lile daraja. Ubao ukizama usikimbie. Unasimama palepale, unashuka nao kidogo, kisha unapanda wenyewe. Mdogo wako alikuwa anakimbia. Kumbe ni kusimama tu. Hakuna aliyemwambia asimame."

Nikamuuliza ng'ambo ya pili kuna nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nimelibeba daraja lile muda mrefu.

"Daraja lingine," akasema.

Akavuta kile kigoda cha mama yake, akakaa, akaanza kunisimulia gemu yote tangu mwanzo, kwa kukoseakosea, mtu wa shati jekundu akawa wa bluu, mkate akauweka mahali pasipo. Jiko likazima na sikuliwasha tena. Nilikaa chini mbele yake nikawa naitikia, enhe, enhe, mpaka adhana. Alifanya hivyo hadi uzee ulipomchukua, na kila alipofika kwenye daraja alinyamaza kwanza, kama anayesubiri mtu mwingine aseme.

Ndiyo hiyo, mwanangu. Gemu sizijui na sitazijua. Lakini nimejua kwamba mtu anapokuja na pumzi zake juu kukwambia alichokiona, hata kama ni mchezo, hata kama ni upuuzi mtupu kwako, anakuonyesha alipo. Mwitikie. Muulize mtu wake amekula nini. Siku nyumba ikiwa na shida, duka limelala, kichwa kinauma, hasa siku hiyo ndiyo umwitikie, maana ndiyo siku utakayotaka kumwambia anyamaze. Na ukiona mdogo wako aliyekuwa na maneno mengi amekuwa mtulivu, usishukuru kwamba amekua. Mfuate. Muulize amefika wapi. Na wewe pia usishushe sauti ukiniona mlangoni. Nimeishi kwenye nyumba iliyoshusha sauti na najua mwisho wake.

Mungu akupe maisha ambayo kila utakapobisha utasikia "karibu". Akupe wa kukuitikia ukiwa mdogo na ukiwa mzee, na ubao ukizama chini ya miguu yako, akupe moyo wa kusimama mpaka upande tena. Amina.

Haya, sogea hapa. Huyo mtu wako wa kwenye simu, juzi ulisema amefungiwa kwenye jengo hana pa kutokea. Enhe, ikawaje?