Moto wa Pili

Kwetu, huku upande wa Itigi, mrina asali akichelewa porini, watu wake huwasha moto juu ya jiwe kubwa na kumwita. Yeye huitikia kwa mluzi, kisha hufuata mwanga. Vichaka vyetu vimesongamana, njia huioni, lakini moto unauona.

Jioni ile baba alichelewa. Tukawasha moto, mama akaita, na mluzi ukajibu karibu kabisa. Mimi nilishaanza kuyatamani masega.

Ndipo mwanga mwingine ukatokea magharibi, juu ya vichaka, mweupe, umetulia tuli. Waliuona Itigi, waliuona mpaka Mkiwa. Sisi tuliukodolea macho, midomo wazi kama mazuzu. Mama peke yake aliendelea kuita. Mluzi ukajibu, mbali kidogo. Ukajibu tena, mbali zaidi, kule kule kwenye mwanga. Giza lilipoingia, mwanga ukatoweka.

Tulimtafuta mpaka miguu ikavimba. Tulikuta dumu lake la asali, limefunikwa vizuri. Basi.

Baadaye alikuja ofisa wa wilaya na watafiti wawili wenye vipimo. Wakahoji kijiji kizima, na penye wengi hapakosi mengi: huyu aliona madirisha, yule aliona mbawa. Watafiti walikuwa na adabu, waliamkia wazee na kusikiliza hata uongo. Walisema huenda lilikuwa puto kubwa la hali ya hewa, liko juu sana, likimulikwa na jua lililokwisha kuzama kwetu. Hawakuwa na hakika. Niliwachukia bure, maana hawakudanganya.

Kwa mama walifika mwisho.

"Shikamoo mama. Ule mwanga ulikaa muda gani?"

"Marahaba. Ulikaa mpaka mume wangu alipoacha kuitika."

Mtafiti aliyeuliza akafunga daftari lake. Ofisa akatazama viatu vyake.

Mpaka leo, jua likizama, mama hupanda lile jiwe, huwasha moto na kuita. Mimi humsindikiza, kwa sababu ameanza kuzeeka na jiwe linateleza. Juzi alinishika mkono kwa nguvu.

"Umesikia?"

"Ni ndege tu, mama. Tushuke."

Nilimshusha haraka, bila kugeuka kutazama vichaka. Mluzi wa baba naujua.