Chupa ya Maji Kwenye Makanisa ya Kale

Mwanamume wa Kiunguja anayelalamikia baridi toka kitandani mpaka jikoni, leo kila Jumamosi anavaa koti zito, ati anakwenda vijijini kutazama makanisa ya kale! Nani ataamini? Mie sikuamini.

Tulikuwa tunakaa Edmonton, huku Ulaya, watoto wameshahama. Mume wangu akisema daktari kamwambia atembee. Haya, atembee, lakini bustani si iko mtaa wa pili? Na ile chupa ya maji je? Anatoka nayo imejaa, anarudi nayo tupu, viatu tope tupu. Nani anakunywa maji ya baridi siku ya theluji? Roho ikanambia ni mawili: ama karitadi, kaacha dini, ama kuna mjane wa Kizungu anamchemshia chai. Lipi baya zaidi, sikujua. Usingizi ukaniruka.

Jumamosi moja nikavaa buibui langu na koti juu yake.

"Leo twende sote."

"Utaumwa, bibi wee."

"Niumwe!"

Kwenye treni akaipakata chupa yake, nami nikazidi kuungua. Tukashuka kijiji kimoja nje ya mji, nyumba fupi za zamani, njiani hata paka hayupo. Kanisa la mawe, mlango umefungwa. Ahaa, nikajisemea, sasa atatokea huyo mwanamke. Yeye akazunguka nyuma, kwenye makaburi, na mie nyuma yake.

Akasimama penye jiwe lililolika hata herufi hazisomeki. Akaondoa majani makavu. Akafungua chupa, akamwaga maji taratibu kutoka kichwani kwenda miguuni, kama tufanyavyo kwetu tukizuru wafu wetu.

"Kaburi la nani hili?" nikafoka.

"Sijui." Hakugeuka. "Baba hakufa kwa maradhi, nilikudanganya. Walimchukua siku zile za mapinduzi, na mpaka leo hatujui kalazwa wapi. Makaburi ya Waislamu hapa yote yana wenyewe. Haya ya kale hayana. Angalau nipate pa kumwagia maji."

Loo! Na mie nimekuja kumfumania. Haya zilinishika, na uchungu juu yake. Maji yalikuwa yamebaki kidogo. Nikamnyang'anya chupa, nikayamalizia upande wa miguu, nikamwamkia mkwe nisiyepata kumwona.

"Shikamoo, baba."

Mume wangu akaitika kwa niaba yake:

"Marahaba, mwanangu."