Tumbo Safi la Ndege

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani katika uwanja wa ndege wa Kisumu, kwa mtu aliyemiliki ndege moja ndogo ya injini moja. Nilijivunia mambo mawili: daftari langu halikuwa na mahali palipofutwa, na hakuna kilichotokea uwanjani pale nisikione.

Ndege ikaanza kupoteza oili. Kila asubuhi rubani aliijaza mpaka alama ya juu ya kijiti cha kupimia. Kila jioni lita mbili hazipo. Nami niliandika. Baada ya wiki tatu mwenye ndege alisoma daftari, akausifu mwandiko wangu, kisha akamwita fundi. Huyu alikuwa mzee wa mtaa wa Nyalenda, aliyekuja kwetu Jumanne na Ijumaa tu. Siku nyingine alishughulikia ndege za kunyunyizia miwa dawa kule Muhoroni.

"Mzee, oili yangu inaenda wapi?"

"Ndiyo natafuta."

"Nasikia mashine za kusaga posho kule Otonglo siku hizi zinanguruma vizuri sana, kama zimetiwa oili ya ndege."

Fundi alifuta mikono polepole. "Mimi nakula ugali, Bwana. Mashine inakula nini, sijui."

Akapewa mpaka Ijumaa aeleze oili ilikokwenda, la sivyo asirudi tena.

Alitoa plagi zote. Zilikuwa kavu, kwa hiyo injini haikuwa ikichoma oili. Alipapasa kila mpira wa kupitisha oili na kila kiungo, asipate tone. Mwishowe akalala chali chini ya tumbo la ndege, lililong'aa kama sahani ya harusi.

"Karani, hii tumbo nani anaosha?"

"Mimi," nikasema, nikingoja sifa. "Kila asubuhi, kwa mafuta ya taa. Wadudu wa ziwani wananasa hapo, wanaacha uchafu mweusi wa kuteleza."

"Wa kuteleza."

"Sana."

Alitoka chini ya ndege akijipangusa vumbi. "Usiguse mpaka Ijumaa."

Ijumaa tumbo lilikuwa jeusi kuanzia kwenye mdomo wa bomba ambalo injini hupumulia hadi mkiani, wadudu wamebandikwa humo kama simsim kwenye mkate. Injini ile, fundi alieleza, ikijazwa mpaka juu hutema lita mbili kupitia bomba hilo, kisha hutulia. "Ni kama kulisha mtoto ameshiba. Anarudisha. Na nyinyi mnamlisha tena."

Nikaamriwa nisafishe. Safari ya mchana iliondoka na oili iliyopungua lita mbili chini ya alama ya juu, ikarudi na kipimo kilekile. Fundi alipitisha kidole tumboni, akakionyesha kikiwa kikavu.

"Haya, Mzee, tuonane Jumanne," mwenye ndege akasema. Huko ndiko kulikokuwa kuomba msamaha kwake.

Nikaandika yote daftarini: bomba, kipimo, dawa yake. Fundi akasoma juu ya bega langu.

"Karani, umesahau mstari moja. Ile ya kuosha."

Nikamwambia ukurasa umejaa.