Mizizi Ndani ya Bomba

Mwezi uliopita nilipanda kijijini kwetu, kwenye milima kati ya Butembo na Lubero, kushiriki salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha chemchemi. Tulitoa matope, tukaziba ufa kwenye simenti. Fundi alipokata bomba kuukuu, harufu ya udongo baridi ikanipiga puani, na hapo hapo nikawa tena na miaka tisa.

Kama hujawahi kunywa maji ya chemchemi ile, rafiki yangu, sijui nikueleze vipi. Yalikuwa baridi mpaka meno yauma. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya viazi, sisi wasichana tulikwenda na bidoni, yale madumu ya maji, mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Koko, mama wa baba yangu, alitangulia. Aliyechelewa alikuta viazi vya kuchoma alivyotubebea vimekwisha. Pale majini wamama walicheka, walisengenya, na kila mmoja alimsaidia mwenzake kupandisha bidoni mgongoni.

Kiangazi kimoja maji yakapungua. Yalitoka membamba kama uzi, kisha tone kwa tone, kisha basi. Tukawa tunashuka mtoni, mbali, kuteka maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mdogo wangu akaanza kuhara. Koko akamfunga mgongoni na kukimbia naye kituo cha afya, na siku mbili hatukujua kama atarudi naye hai.

Wamama wakatafuta mwenye kosa. Karibu na chemchemi aliishi mjane mgeni aliyetoka mbali, upande wa Eringeti, mwenye bustani ndogo ya kabichi. Ikasemwa kwamba ametia dawa mbaya majini ili yakauke. Aliyeanza kusema hivyo alikuwa koko. Nilimsikia kwa masikio yangu, tukimenya maharagwe. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsaidia yule mama. Kule mtoni alilaza bidoni kwenye mwinuko, akapiga magoti, akapitisha kamba kichwani na kuinuka peke yake. Mimi nami niliacha kumsalimia.

Jumamosi mzee aliyetunza maji yetu akaita watu wote. Wanaume walichimba mpaka wakafikia bomba, naye akalikata kwa msumeno. Akaingiza mkono, akavuta. Kikatoka kitu kirefu, cha kahawia, kilicholowa kama mkia wa ng'ombe, naye akazidi kuvuta mpaka kikanipita urefu. Ilikuwa mizizi ya mikaliptusi. Sote tukatazama juu ya mteremko. Miti yote pale ilikuwa ya koko. Alikuwa ameipanda mwenyewe, apate mbao za nyumba mpya.

 Koko angeweza kunyamaza. Lakini alifuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, akapita katikati ya watu mpaka nyuma kabisa, aliposimama yule mjane.

“Mama,” akasema, “mie ndjo nilitoa ile neno mubaya juu yako. Na ni miti yangu ndjo ilifunga maji. Unisamehe.”

 Mjane akauliza, “Mutoto anaendelea aje?”

Koko akajibu kwamba ameshaanza kula.  Akageukia wanaume akawaambia, “Mukate yote. Leo.”

Miti ilianguka mpaka jioni, na kilima kizima kikanuka majani yake makali. Bomba lilipounganishwa lilikohoa, likatema matope, kisha maji meupe yakaja kwa nguvu na wamama wakapiga vigelegele. Koko alijaza kwanza bidoni ya mjane, akampandishia mgongoni. Nikaenda nikamsalimia. Aliponiitikia, nilipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Koko na yule mjane hawako tena. Siku hizi robine, mabomba ya kufungulia maji, ziko mbele ya nyumba; wasichana wanajaza maji na kuingia ndani, na chemchemi imefunikwa kwa simenti, kimya. Nimezikosa kelele zile, sikufichi. Kicheko cha wamama kilifika mpaka shuleni. Lakini ni pale pale, katikati ya kicheko, ambapo jina la mtu liliweza kuharibika kabla ya saa sita mchana. Hilo nalo limekwenda na maji ya zamani, na sitalililia.